Nakaa Dodoma lakini tarehe za vitabu hazinipiti: navyomfuatilia mwandishi wa fantasia

Mbukwenyi wadau. Hili swali naulizwa sana kwenye grupu letu la wasoma fantasia (riwaya za uchawi na dunia za kubuni) hapa Dodoma, eti najuaje kitabu kinatoka lini na najuaje kimeuza, mpaka kuna wanaodhani nina ndugu Marekani. Sina. Nina simu, bando la wiki, na kaunta buku nililonunua pale Majengo. Mfano wangu utakuwa Brandon Sanderson maana ndo ninayemfuatilia miaka yote, ila njia ni hiyohiyo kwa mwandishi yeyote.

Hatua ya 1: Chora safu tatu

Kitabu, tarehe, nani kasema. Hiyo ya tatu ndo muhimu kuliko zote. Akisema mwandishi mwenyewe naandika MW, mchapishaji MC, duka DK, na ile ya mtaani MT. MW na MC naandika kwa peni. DK kwa penseli. MT siandiki kabisa hata ije na skrinshoti nzuri namna gani.

Penseli nilijifunza kwa aibu. Kuna duka moja la mtandaoni liliweka kitabu nilichokuwa nakisubiri, na jalada likaonekana, na tarehe 31 Desemba, mi nikaruka nayo kwenye grupu, watu wanane wakanitumia hela ya oda kwenye simu siku mbili tu. Kumbe maduka yakiwa hayajapewa tarehe huwa yanajaza tu siku yoyote ili mfumo ukubali, na 31 Desemba ndo wanaipenda sana. Januari ikafika, kimya. Dada mmoja wa UDOM akaniandikia kwa heshima zote, "Kaka shikamoo, samahani, ile hela yangu naweza kuipata nilipe hosteli?" Nikarudisha zote nane, na makato ya kutuma nikalipa mwenyewe. Tangu siku hiyo ukiona siku ya mwisho ya mwezi au ya mwaka, we shika penseli.

Hatua ya 2: Anza kwa mwenyewe

Fungua tovuti ya mwandishi kabla ya sehemu nyingine yoyote. Sanderson ukurasa wake wa mbele unaonyesha asilimia za kazi anazofanya, kitabu hiki kiko wapi, kile kiko wapi, na kila Desemba anatoa ripoti ndefu ya mwaka inayosema amemaliza nini na anaingia wapi. Isome yote, usisubiri mtu akufupishie. Halafu usidanganyike na asilimia 100, mara nyingi hiyo ni rasimu moja tu, bado kuna kupitia upya, mhariri, wachoraji, kiwanda. Mi nikiona rasimu ya kwanza imejaa sihesabu miezi, nasubiri tarehe itamkwe.

Na kama mwandishi wako hana tabia ya kusema, pole, utaishi kwa subira. Wanaomfuata George R. R. Martin, yule wa Game of Thrones, wanajua, kitabu cha tano cha mfululizo wake kilitoka Julai 2011 na mpaka naandika hapa cha sita hawajakishika.

Hatua ya 3: Angalia mwendo wake wa nyuma

Andika tarehe za vitabu vilivyotangulia kwenye mfululizo huohuo. Ule mkubwa wa Sanderson, The Stormlight Archive, unaenda hivi: Agosti 2010, Machi 2014, Novemba 2017, Novemba 2020, Desemba 2024. Kwahiyo ni miaka mitatu mpaka minne kila kimoja, na hapo tunaongelea mtu ambaye watu wanamuita mashine. Akija mtu kukwambia kinachofuata ni mwakani, we mwangalie tu. Tena mwenyewe kashasema anahamia kwanza kwenye dunia yake nyingine ya kubuni kabla ya kurudi huko.

Hatua ya 4: Geuza tarehe na saa

Wamarekani wanaanza na mwezi. Kile cha 2024 kiliandikwa 12/6/2024, na pale kwenye grupu kuna kaka alisubiri tarehe 12 Juni, kaamka alfajiri, kanunua bando, hola. Ilikuwa 6 Desemba. Kwenye daftari andika jina la mwezi kwa herufi, imeisha hiyo.

Saa nayo. Ikiwa duka linaachia kitabu siku ikianza kwa saa za New York, basi saa 6 kamili usiku ya kule, huku kwetu ni saa 2 asubuhi kipindi cha baridi yao, na saa 1 asubuhi kipindi cha joto, maana wenzetu wanasogeza saa. Weka alamu usikae macho bure.

Hatua ya 5: Mauzo, na hapa tulia kidogo

Ile namba ya cheo pale Amazon sio idadi ya nakala. Ni nafasi kwenye foleni, ndogo ndo nzuri, na inabadilika ndani ya masaa, kwahiyo mtu akikwambia "kimefika 40" muulize saa ngapi na kwenye Amazon ya nchi gani, ya Uingereza ina foleni yake.

Orodha ya gazeti la New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana nayo inatoa nafasi tu, idadi haitoi. Wiki yake inaanza Jumapili inaisha Jumamosi, na tarehe inayoandikwa juu iko mbele: orodha ya 22 Desemba 2024 ilihesabu wiki iliyoisha 7 Desemba. Sasa cheki hapa. Vitabu Marekani kwa kawaida vinatoka Jumanne, na vile vinne vya mwanzo vya ule mfululizo wa Sanderson vyote vilitoka Jumanne, ila hicho cha tano kilitoka Ijumaa. Maana yake wiki ya kwanza kilikuwa na siku mbili tu dukani, pamoja na oda za mapema ambazo huwa zinaingizwa zote kwenye wiki hiyo ya kwanza. Ukikilinganisha na cha Jumanne bila kujua hilo unamuonea mtu.

Namba zenyewe za nakala zinatoka BookScan, wanaokusanya mauzo ya vitabu vya karatasi madukani, na huduma yao ni ya kulipia, ila gazeti la Publishers Weekly huwa linachapisha baadhi. Vitabu vya kusoma kwenye simu havimo humo. Na kuna mauzo hayapiti dukani kabisa, Machi 2022 Sanderson alichangisha Kickstarter (mtandao wa kuomba watu wachangie kazi kabla haijatoka) dola milioni 41.7 kutoka kwa watu kama 185,000 kwa riwaya nne alizoziandika kimyakimya. Gawanya, ni kama dola 225 kwa kichwa. Ndo ujue watu hawakununua kitabu kimoja, walibeba seti nzima na maboksi ya zawadi, kwahiyo usichukue idadi ya watu ukaiita idadi ya nakala.

Hatua ya 6: Hela

Tarehe ikiwa ya peni ndo naanza kukusanya, sio kabla. Kile cha tano kina kurasa zaidi ya 1,300, kizito kama tofali, kwahiyo nauli ya mzigo ulizia mapema, mpaka Dar na kutoka Dar mpaka stendi ya Nanenane. Wenye haraka chukueni cha simu. Sisi wa karatasi huwa tunakisoma wiki kadhaa baadae, na tunawaomba msituharibie mwisho kwenye grupu.