Kuunda Mfumo wa Hewa wa Nyuma kwa Pikapu Iliyoshushwa

Pikapu iliyoshushwa hupendeza ikiwa imeegeshwa, lakini Mombasa ina matuta mengi, na kipandio cha feri ya Likoni hubadilisha mwinamo wake kila bahari inapojaa na kupwa, hivi kwamba gari lililopita asubuhi bila kugusa huweza kukwaruza tumbo jioni. Mifuko ya hewa, ambayo si ile inayofumka kwenye usukani wakati wa ajali bali ni mipira minene inayokaa mahali pa springi, humwezesha dereva kuliinua na kulishusha gari apendavyo. Nitaeleza upande wa nyuma wa pikapu yenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa kwa tabaka, kwa kuwa huko ndiko makosa mengi hutokea.

Kabla ya kukata chochote, elewa kwamba springi hizo hufanya kazi mbili: hubeba uzito, na pia huishikilia ekseli isiende mbele, nyuma wala kando. Mfuko wa hewa hubeba uzito tu. Kwa hiyo ni lazima utengeneze mikono ya chuma, miwili ya chini inayofuata urefu wa chasi na miwili ya juu iliyokaa mshazari ili kuizuia ekseli isiteleze kando. Tumia bomba zito la chuma lisilo na mshono, lenye ukuta usiopungua milimita 5, na utie bushi (kikombe cha kiungo kinachouruhusu mkono kucheza) katika kila ncha. Bomba la maji lisitumike kamwe: ni jembamba, na lile lililopakwa zinki hutoa moshi wenye sumu linapochomelewa.

Vipimo vianzie chini. Ondoa springi, ulishushe gari hadi kimo cha chini kabisa unachokitaka, likiwa limekaa juu ya stendi imara wala si jeki peke yake, kisha uchungulie kila pembe. Mara nyingi ekseli hugonga chasi, na hapo chasi hukatwa nusu duara juu ya ekseli na kuimarishwa kwa bamba la unene usiopungua wa chasi yenyewe, likiupita mkato pande zote mbili. Tazama pia propela, yaani shafti ndefu inayopeleka mzunguko wa injini nyuma, isiguse sakafu ya bodi na tairi zisiguse madigadi. Ukiridhika, inua gari hadi kimo cha kuendeshea ndipo upange mikono, ukihakikisha kwamba pinioni ya difu, yaani gia ndogo inayopokea mzunguko wa propela kwenye ekseli, imekaa sambamba na shafti inayotoka kwenye giaboksi. Pembe hizo zikitofautiana sana, propela hutetemeka na viungo vyake huisha mapema. Timazi na kipimapembe vinatosha kwa kazi hii.

Ng'oa nyaya za betri na uondoe tangi la mafuta kabla cheche ya kwanza haijaruka. Shikiza vipande kwa nukta ndogo za kuchomelea tu, uipandishe na kuishusha ekseli mwendo wake wote kwa jeki huku ukiangalia paipu ya breki isivutike, ndipo umpe mchomeleaji mzoefu amalize.

Ukubwa wa mfuko huchaguliwa kwa hesabu, kwa kuwa uzito unaobebwa ni shinikizo likizidishwa kwa eneo la mfuko. Tuseme kila upande unabeba kilo 300 na eneo hilo ni sentimita mraba 130: utahitaji takriban psi 33 (psi ni pauni kwa kila inchi mraba). Ukipakia mifuko 12 ya saruji ya kilo 50, na uzito wote ukaangukia ekseli ya nyuma, shinikizo hupanda hadi psi 66 hivi. Ukiuweka mfuko katikati ya mkono wa chini badala ya juu ya ekseli, mzigo wake huwa maradufu, na hesabu yote ibadilike.

Mfuko hutanuka, kwa hiyo acha angalau sentimita 2.5 kuuzunguka. Katika pikapu yangu ya kwanza, ncha ya bolti ya kushikilia ekzosi ilikuwa karibu na mfuko wa kushoto, nami nikadhani inatosha. Wiki chache baadaye, nikielekea Changamwe, upande huo ulilala ghafla. Nilipoufungua mfuko nilikuta mpira umesuguliwa hadi nyuzi za ndani zinaonekana, na katikati yake tundu dogo kuliko punje ya mchele. Tangu hapo hukata kila ncha ya bolti iliyo karibu, na huweka kizuizi cha mpira ili ekseli itue juu yake badala ya kuuponda mfuko. Shokabsoba nazo ziwe na urefu usiogota chini wala kunyooka kabisa juu.

Kila mfuko uwe na paipu yake, valvu ya kujaza na valvu ya kutoa. Wapo wanaounganisha mifuko miwili kwa paipu moja ili kupunguza gharama, nami siafiki hata kidogo, kwani kwenye kona hewa hukimbilia mfuko wenye mzigo mdogo na gari hulala ubavu. Tangi la hewa la lita 19 linatosha, pamoja na swichi ya kuzima kompresa (pampu inayolijaza) kwenye psi 150, valvu ya usalama, na fyuzi iliyo karibu na betri. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo weka koki chini ya tangi na utoe maji kila wiki.

Kata paipu kwa wembe, mkato ulionyooka, kisha upake povu la sabuni kwenye kila kiungo na uliache gari usiku kucha. Asubuhi geji ikiwa imeshuka, rudia.

Kwa kuwa chasi imeguswa, lipeleke gari kwenye ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, na uijulishe kampuni ya bima. Baada ya kilomita 500 kaza bolti zote upya. Osha sehemu za chini kwa maji ya mfereji, si ya kisima, kwa sababu visima vingi vya kisiwani vina chumvi inayoila mikono hiyo kama bahari yenyewe.