Somo: Kiburu, chungu kimoja chenye mlima na tambarare

Somo la leo ni kiburu, ila nusu yake tutaifanyia sokoni. Kiburu ni ndizi na maharage, na kwa watu wa Kilimanjaro vitu hivi viwili kwa kawaida havitoki mahali pamoja. Ndizi ni za kihambani, yaani shamba linalozunguka nyumba, huko juu Kibosho, Uru, Kilema na Marangu, zinakoota chini ya miti mikubwa pamoja na kahawa na magimbi, mifereji ikipita katikati. Maharage na mahindi hulimwa zaidi chini kwenye joto. Watu wa mlimani wana mashamba yao huko na hushuka kulima masika yanapokaribia. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuweka mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, Uru, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani, lakini bibi zetu walikuwa wanauweka chunguni zamani sana.

Kwa hiyo ukitaka kuijua ardhi unayoishi juu yake, huna haja ya kupanda hadi lango la Marangu. Ingia soko la Mbuyuni au Kiboriloni, hapa Moshi, asubuhi na mapema, uliza maswali, halafu upike.

Hatua ya 1: Acha orodha nyumbani

Beba kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na hata ingekuwepo, mboga za majani hufifia vibaya zikifungiwa humo kwenye joto la Moshi. Jua tu kwamba unahitaji ndizi, maharage na mboga moja ya majani, mfano mnafu (mnavu). Ni mboga ipi, msimu ndio utakaoamua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, majani yanajaa sokoni na fungu linakuwa nene, ila nyanya zinaharibika kwa mvua na bei yake inapaa. Kuanzia Juni na Julai yanaingia maharage mapya na mahindi mabichi. Aliyekuja na orodha iliyoandikwa "nyanya kilo mbili" katikati ya Aprili atalipa na atalalamika.

Hatua ya 2: Salimia, kisha uliza bidhaa ilikotoka

Usianze na bei.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu mnafu."
"Asante. Huu umeshuka kutoka wapi?"
"Uru. Nimeuchuma alfajiri, angalia shina lake."

Umesikia? Hujauliza ubora, amekuonyesha mwenyewe. Muuzaji anayelima huongea hivyo. Mchuuzi aliyenunua kwa mwenzake atakuambia "ni wa huku huku tu", na hilo halina ubaya, mradi ujue unanunua kwa nani. Kwa maswali hayo hayo utagundua kwamba vitunguu vingi vizuri vimetoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na tangawizi imeshuka kutoka milima ya Same. Fungu moja la viungo lina safari ndefu kuliko yako.

Hatua ya 3: Ndizi

Kwa kiburu tafuta mshare. Mzuzu ni wa kuchoma na kukaanga, kisukari ni tunda. Chukua mshare mbichi uliokomaa: ndizi imejaa, kingo zake hazijachongoka sana, rangi ni ya kijani bila manjano. Tazama pale chane ilipokatwa kwenye mkungu. Utomvu ukiwa bado na unyevu, mkungu haujakaa sana. Ukiwa umekauka na kuwa kahawia, sogea meza ya pili.

Hatua ya 4: Maharage

Hapa wengi hudanganywa na rangi. Maharage ya zamani hupikwa hadi gesi iishe na bado yanabaki magumu katikati. Mapya yana ngozi laini, angavu, isiyo na mikunjo. Uliza pia jina la mbegu. Ukitajiwa Lyamungu 90 au Selian 97, majina hayo ni ya vituo vya utafiti vya kwetu, Lyamungu kule Hai na Selian kule Arusha. Ukikuta maharage mabichi ambayo bado yako kwenye maganda yake, nunua hayo hayo. Yanaiva haraka, na ladha yake hutaipata kwenye gunia.

Hatua ya 5: Jikoni

Kwa watu sita hadi wanane: maharage makavu nusu kilo, mshare kama 15, vitunguu viwili, nyanya mbili au tatu, karoti moja ukipenda, samli au mafuta vijiko viwili, chumvi, na kikombe cha maziwa.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Yaache yachemke kwa nguvu mwanzoni, kisha punguza moto. Chumvi na nyanya visiingie sasa, kwa sababu asidi ya nyanya huchelewesha maharage kulainika. Subiri hadi harage libonyee kwa vidole.

Wakati huo menya ndizi. Paka mikono mafuta kwanza au menyea ndani ya beseni la maji, la sivyo utomvu utakuachia weusi wa siku kadhaa. Ziweke kwenye maji zisibadilike rangi, kisha zikate vipande viwili au vitatu.

Maharage yakiiva, panga ndizi juu yake, maji yafike usawa wa ndizi, funika. Dakika 25 hadi 30 kwa moto wa wastani zinatosha. Usikoroge! Ndizi ziive juu kwa mvuke, maharage yatulie chini. Kwenye kikaango kando, kaanga vitunguu kwa samli, tia nyanya na karoti, chumvi, pika hadi mchuzi ushikane. Mimina juu ya ndizi, ongeza maziwa, acha dakika tano. Sasa ndipo unachanganya kwa mwiko, polepole, nusu ya ndizi zivunjike na nusu zibaki vipande. Wapo wanaoponda yote hadi yawe laini. Mimi naona hapo umeshaanza kuelekea kwenye mtori, ila sitagombana na mama mkwe wa mtu.

Mnafu upike mwisho kabisa na upakue pembeni. Kata parachichi, weka chumvi kidogo.

Hatua ya 6: Maganda

Maganda ya mshare ni chakula cha ng'ombe au mbuzi. Huna mifugo? Muulize jirani, au yazike shinani mwa mgomba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Pasua: Mnafu wangu unakuwa mchungu, watoto wanasukuma sahani. Nifanyeje?

Wa majani madogo ni mchungu kuliko ule wa majani mapana, kwa hiyo anza na huo mpana. Chemsha dakika chache, mwaga maji, kisha kaanga na kitunguu na umalizie kwa maziwa. Unapochambua, chukua majani na ncha laini tu. Vitunda vya kijani tupa, vina sumu.

Mwanachama, Soweto: Magadi ni lazima?

Hapana. Yanalainisha maharage haraka, lakini yanapunguza vitamini B1, na ukizidisha chungu chote kinakuwa na ladha ya sabuni. Kuloweka kunatosha.

Mwanachama, Dar es Salaam: Dada, huku mshare ni wa kubahatisha. Naweza kutumia ndizi Bukoba?

Unaweza. Zinalainika mapema, basi ziangalie baada ya dakika 15, na usizikate vipande vidogo.

Mwanachama, Rau: Mboga zinazolimwa mjini nasikia zinamwagiliwa maji machafu. Chumvi inasaidia?

Chumvi pekee haitoshi. Osha jani moja moja kwa maji yanayotiririka, halafu pika. Kuchemsha huua vijidudu vingi. Dawa za wadudu ni suala jingine, na ndiyo maana nasisitiza hatua ya 2. Muulize mkulima alipiga dawa lini. Akijibu "jana", mshukuru na uende meza nyingine.

Mwanachama, Sakina, Arusha: Na sisi wa huku twende soko gani?

Tengeru siku ya Jumamosi. Ndizi na mboga za miteremko ya Meru zinafika hapo, na wauzaji wengi ni wakulima wenyewe. Ukiwa huko uliza pia namna ya kupika loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, tutaifanyia somo.

Mwanachama, Majengo: Kiburu kikibaki kinalala?

Kinalala, kwenye friji. Asubuhi kitakuwa kimeganda. Ongeza maziwa robo kikombe, pasha hadi kichemke, kula na chai ya rangi.