Dawa za kifafa: jinsi ya kuzitumia salama, hasa kwa sisi wa ziwani

Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla. Naanza na hili kwasababu ndo linawaumiza watu wengi huku kwetu, mtu amekaa miezi hajaanguka anajiona kapona anaacha, mwingine kaenda kambini visiwani vidonge vimeisha anasema nitachukua nikirudi, mwingine kaambiwa kwenye maombi atupe dawa aonyeshe imani. Ukikata ghafla, hasa fenobabitoni, mwili ulishaizoea ile dawa kwahiyo kifafa kinaweza kurudi kikali kuliko mwanzo na kikaunganisha, degedege moja halijaisha lingine limeanza, na hapo mtu anaweza kufa. Ombeni jamani, hata mimi naomba, ila kidonge kimezwe.

Kuacha kupo, ila kuna utaratibu wake. Mara nyingi daktari anaanza kuliongelea ukishakaa kama miaka 2 bila kuanguka hata mara moja, tena anapunguza kidogokidogo kwa wiki na miezi. Wapo pia wanaotakiwa kuendelea maisha yote, na wanaishi vizuri tu wana kazi na familia.

Sasa kwenye kumeza kwenyewe. Fenobabitoni mara nyingi inamezwa mara moja kwa siku, usiku, kwasababu inaleta usingizi. Kabamazepini (wengi wanaijua kama Tegretol) na valproeti kawaida ni mara mbili, asubuhi na jioni. We fuata cheti chako usifuate cha jirani, hata kama ugonjwa ni mmoja dozi sio moja. Wengi wanaanzishiwa dozi ndogo halafu inapandishwa taratibu, kwahiyo ukianguka wiki ya kwanza usiseme dawa haifanyi kazi, rudi kliniki waambie. Chagua kitu cha kila siku kikukumbushe, kwa mfano taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ukisahau ukakumbuka baada ya muda mfupi meza, ila kama dozi inayofuata imekaribia achana na ile iliyopita uendelee na ratiba, usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Na usijiongezee, fenitoini hasa ina tabia hiyo kwamba ukiongeza kidogo tu inaweza kujaa mwilini, unaanza kuyumba kama mlevi, macho yanacheza, ulimi mzito, watu wanadhani umekunywa kumbe ni dawa imezidi. Fenitoini hiyohiyo ikitumika muda mrefu inavimbisha fizi, kwahiyo mswaki usiachwe.

Usingizi na uzito wa kichwa siku za mwanzo ni kawaida na mara nyingi unapungua. Kisicho kawaida ni vipele. Ukianza kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni au lamotrijini halafu wiki za mwanzo ukatoka vipele mwilini, na hasa kama kuna homa, vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi inachubuka, nenda hospitali siku hiyohiyo usisubiri kesho, na usipake dawa ya mzio ya dukani ukalala. Hapo dawa inaweza kusimamishwa haraka, ila wanaisimamisha wao na wanakupa nyingine ya kushika nafasi. Kwa anayetumia valproeti, hasa mtoto, kutapika kusikoisha, kulegea na macho kuwa ya njano ni dalili za ini kuumia, nako ni kukimbia hospitali.

Hapa naomba msome taratibu maana mwambao wetu una malaria, una TB na una VVU, na dawa zinagongana. Kabamazepini na fenitoini zinapunguza nguvu ya dawa ya mseto ya malaria, kwahiyo ukipima ukakutwa na malaria mwambie anayekuhudumia kwamba unatumia dawa ya kifafa kabla hajakuandikia, na dawa yako ya kifafa usiikatishe maana homa yenyewe inaweza kuleta degedege. Wanaotumia ARV zenye dolutegraviri, zile za kidonge kimoja kwa siku, wajue kwamba kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinashusha nguvu yake, inabidi dozi ipangwe upya au dawa ya kifafa ibadilishwe. Aibu ya kutaja ARV kwenye kliniki ya kifafa, au kutaja kifafa kwenye kliniki ya ARV, inaweza kukuharibia dawa zote mbili. TB hivyohivyo, dawa zake nyingine zinashusha kiwango cha dawa ya kifafa mwilini na nyingine zinakipandisha. Tramado ya maumivu nayo inaweza kuamsha kifafa, usiichukue dukani kienyeji.

Kwa akina dada: vidonge vya majira na vijiti vinapungukiwa nguvu ukiwa kwenye kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni, mtu anajiamini kumbe mimba inaingia. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi vinafaa zaidi, waulize kliniki ya uzazi. Valproeti ndo ya kuogopa zaidi kwenye ujauzito, inaweza kumletea mtoto mgongo wazi na akili nzito, kwahiyo msichana au mama anayeweza kubeba mimba aombe mapema kuongea na daktari kuhusu dawa nyingine na foliki asidi. Ila ukishajikuta mjamzito usitupe dawa kwa hofu, wahi kliniki huku unaendelea kumeza, degedege kubwa linaweza kuwadhuru wote wawili.

Kwa wavuvi sasa. Kazi ya dagaa ni ya usiku wa giza, na kukosa usingizi ni kichocheo kikubwa cha kifafa hata kama dawa unameza vizuri. Ukichanganya na gongo hapo hali ni mbaya zaidi, pombe inaamsha kifafa na ikikutana na fenobabitoni inazidisha usingizi mpaka pumzi inakuwa shida. Ushauri wangu, na najua mkate wa watu uko ziwani, ni kwamba kama bado unaanguka usipande mtumbwi. Omba kazi ya nchi kavu, kuanika dagaa, kushona nyavu, kuhesabu ndoo mwaloni. Kama daktari amekuruhusu kurudi majini, vaa boya muda wote na wenzako kwenye mtumbwi wajue, maana aliyedondoka majini kimyakimya usiku hakuna anayemwona. Kuoga ziwani peke yako hapana. Kuendesha bodaboda hapana mpaka daktari aseme. Na nyumbani, mafiga ya chini yanaunguza watu wengi wa kifafa, muinulie jiko au mwingine apike.

Kliniki ipange wakati wa mbalamwezi, siku ambazo dagaa hawavuliwi, ndo utapata nafasi ya kuvuka kutoka Ukerewe au Kome bila kupoteza kazi. Mwombe mhudumu akupe dawa za kutosha mpaka mbalamwezi ijayo na wiki moja ya ziada, maana ziwa likichafuka hakuna kuvuka. Sehemu nyingi dawa za kifafa zinatolewa kwenye kliniki ya afya ya akili, usione haya kukaa kwenye lile benchi. Vidonge vifunge kwenye chombo kisichoingia maji, valproeti ibaki kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kumeza kwasababu inavuta unyevu, na viwe mbali na watoto, fenobabitoni nyingi inamzima mtoto pumzi.

Akianguka: mwondoe kwenye moto na maji, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, angalia saa. Usimtie kijiko wala kidonge mdomoni, usimshike kwa nguvu, na lile povu haliambukizi kifafa kwahiyo msimkimbie. Ikipita dakika 5, au likijirudia kabla hajazinduka, au kaangukia majini hata kama anaonekana mzima, mpelekeni kituo cha afya cha karibu, na mbebe na vidonge vyake na kadi ya kliniki ili wajue anatumia nini na kiasi gani.