Jinsi ya kuchagua vitabu vya kufuga matumbawe ukiwa Kisumu

Ukitaka kufuga matumbawe na samaki wa baharini hapa Kisumu, huna jirani wa kumuuliza. Wavuvi wa Dunga wanamjua mbuta na ngege wa ziwani nje ndani, lakini maji ya chumvi ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana nawashauri watu wanunue kitabu kabla ya tangi. Video za mtandaoni zinasaidia ukitaka kuona bomba linavyounganishwa. Ila saa nne usiku, matumbawe yakianza kujikunja, unataka kitu chenye faharasa, ufungue ukurasa unaouhitaji papo hapo.

Shida ni kwamba vitabu hivi karibu vyote viliandikwa Marekani au Ulaya, kwa wasomaji ambao stima yao haipotei kila mvua ikinyesha. Kwa hiyo mimi hutazama jambo moja kuliko yote: je, mwandishi anaeleza sababu, au anatoa amri tu? Amri iliyofaa Chicago huenda isifae Kondele. Ukiijua sababu, utairekebisha mwenyewe.

Hatua ya 1: Soma sura ya joto kwanza

Ukikishika kitabu, au ukipata kurasa zake za mfano mtandaoni, nenda moja kwa moja kwenye joto la maji. Matumbawe mengi ya tangi hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 26 hivi za Selsiasi. Kisumu mchana hewa hufika 29 au 30, kwa hiyo kazi yetu ni kupoza. Aliye Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, anahitaji hita kwa ajili ya usiku. Kitabu kinachozungumzia hita peke yake kitamfaa yeye kuliko wewe.

Unachotafuta ni maelezo ya namna hii: feni ikipuliza juu ya maji, maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto, lakini chumvi hubaki ndani. Kwa hiyo unachojazia kila siku ni maji yasiyo na chumvi. Ukijazia maji ya chumvi, kiwango kitapanda taratibu mpaka wanyama waanze kuteseka. Mwandishi aliyeeleza hilo amekupa kitu cha kutumia hapa, hata kama hajawahi kufika Kisumu.

Tazama pia anavyoeleza hewa inavyoingia majini. Sisi tuko takriban mita 1,130 juu, na shinikizo la hewa ni dogo kuliko Mombasa. Kwa joto lilelile, oksijeni inayoyeyuka majini huku ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane. Halafu maji yakipata joto zaidi, yanashika oksijeni kidogo zaidi. Mwandishi akishakueleza kwamba oksijeni huingilia usoni mwa maji, huhitaji kuambiwa uelekeze pampu ipige juu, wala kwa nini uwe na pampu ya hewa ya betri stima ikipotea.

Hatua ya 2: Nenda kwenye faharasa, picha baadaye

Picha zitakudanganya. Kitabu chenye picha nzuri kupindukia na faharasa ya ukurasa mmoja ni cha mezani sebuleni. Kwenye faharasa tafuta amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki), alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi), kalsiamu, magnesiamu, karantini (kuwatenga wanyama wapya) na kukatika kwa umeme. Kisha soma amonia kwa makini: bakteria huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na kwa kawaida bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye tangi jipya. Kitabu kinachokuruhusu kutia samaki kesho yake bila kusema bakteria watatoka wapi, kirudishe rafuni.

Hatua ya 3: Mjaribu mwandishi kwa samaki wawili

Wa kwanza ni Synchiropus splendidus, yule mdogo wa buluu na chungwa ambaye kila mtu humtamani. Chakula chake ni vidudu vidogo sana anavyovidonoa kwenye mawe mchana kutwa, kwa hiyo anahitaji tangi lililokomaa lenye vidudu hivyo kwa wingi. Akiwekwa kwenye tangi jipya, hukonda hadi kufa. Mwandishi akimwita rahisi, sina la kuongeza.

Wa pili ni Paracanthurus hepatus, wa buluu mwenye mkia wa manjano, anayepatikana hadi pwani ya Afrika Mashariki. Huuzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini hukua hadi sentimita 30 hivi. Kitabu cha maana kinakupa urefu wake akiwa mzima, na ukubwa wa tangi linalomtosha.

Hatua ya 4: Tazama mwaka, ila usiuogope

Vitabu vingi bora vya fani hii ni vya zamani. Juzuu ya kwanza ya *The Reef Aquarium* ya Delbeek na Sprung ilitoka 1994. Sura zake za taa zimepitwa na wakati, maana siku hizi watu wanatumia LED, lakini alkalini na kalsiamu hazijabadilika tabia. Kilichobadilika zaidi ni majina ya kisayansi: tumbawe liitwalo Euphyllia ancora, kwa mfano, sasa limehamishiwa jenasi ya Fimbriaphyllia. Ukikosa jina moja, tafuta jingine.

Mpangilio wangu kwa anayeanza: *The Conscientious Marine Aquarist* cha Robert Fenner kwanza, kwa sababu kinakufundisha kumchagua mnyama kabla ya kumlipia. Halafu *Aquarium Corals* cha Eric Borneman cha 2001, kwa kuyatambua matumbawe na magonjwa yake. Delbeek na Sprung wasubiri mpaka uanze kupima kalsiamu mwenyewe, la sivyo watakuchosha.

Hatua ya 5: Andika vipimo ndani ya jalada

Vitabu vya Marekani hupima kwa galoni na Farenhaiti. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Usilipuuze hili. Tangi la galoni 55 ni lita 208 kwa Mmarekani, lakini lita 250 kwa Mwingereza, na dawa iliyopimwa kwa hesabu ya pili itazidi kwa sehemu moja ya tano kwenye tangi la kwanza. Andika kwa penseli: nyuzi 78 za Farenhaiti ni 25.6 za Selsiasi. Alkalini ya milikwivalenti 1 kwa lita ni nyuzi 2.8 za Kijerumani; chumvi ya 35 kwa elfu ni takriban 1.026 kwenye haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa maji ya chumvi.

Hatua ya 6: Ongeza kimoja cha bahari yetu

Mwongozo wa viumbe wa pwani ya Afrika Mashariki uliohaririwa na Matthew Richmond, toleo la kwanza 1997, hauhusu tangi hata kidogo, na mimi ndio ninaoufungua zaidi. Unakuonyesha nani anaishi kwenye maji tulivu ya ndani na nani anapigwa na mawimbi, na hapo ndipo unapojua pampu iwe kali kiasi gani. Pia utawajua samaki wetu, kama Amphiprion allardi anayeishi na anemoni pwani ya Kenya.

Kitabu kinachokuhimiza uokote matumbawe au mawe hai (mawe yenye viumbe ndani yake) ufukweni ukiache. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi za bahari tangu 1968, na matumbawe yote yenye mifupa ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali. Sura kuhusu matumbawe yaliyokatwa na kukuzwa kwenye matangi ndiyo itakayokufaa.

Hatua ya 7: Kununua

Kwa wauza vitabu vya mtumba mjini utakutana zaidi na vitabu vya samaki wa dhahabu; soma jalada vizuri, neno "akwaria" peke yake halitoshi. Kuagiza nje, nakala iliyotumika inatosha, ila nauli huenda kwa uzito na vitabu hivi ni vizito, kwa hiyo unganeni wawili watatu. Nakala ya simu ni nafuu, lakini majedwali hukatikakatika kwenye kioo kidogo na rangi za matumbawe hazionekani sawasawa. Kabla ya kulipa muulize muuzaji ni toleo lipi: cha Fenner kilitoka 1998 na kikarekebishwa 2008, na bei zikikaribiana chukua cha 2008.