Namna ya Kusoma Utafiti Unaohusisha Maumivu ya Viungo na Magonjwa ya Akili

Mama yangu ameugua baridi yabisi kwa miaka mingi, na baada ya muda mrefu wa kukosa usingizi na kukaa kimya, daktari alimgundua pia na sonona akamwandikia dawa. Siku moja jirani alimletea habari iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu, kwamba dawa za sonona hudhoofisha mifupa hadi ikavunjika. Hakumwambia mtu yeyote. Wiki tatu baadaye nilizikuta pakiti mbili ambazo hazijaguswa, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Habari ile haikuwa uzushi, kwa sababu nyuma yake palikuwa na utafiti halisi uliofanywa vizuri, lakini njiani kutoka kwa watafiti hadi kwa jirani yetu maneno yake yalikuwa yamepoteza kila sharti lililoyafanya yawe ya kweli. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya wanaouguza, wahudumu wa afya ya jamii na wanafunzi, ili utafiti wa aina hiyo ukiwafikia waweze kuupima kabla mgonjwa hajabadilisha dawa.

Kazi ya kwanza ni kuupata utafiti wenyewe. Tafuta jina la jarida, mwaka na mada, kisha uandike maneno hayo kwenye PubMed, hazina ya wazi ya machapisho ya tiba inayotunzwa na Marekani, ambako muhtasari wa karibu kila utafiti husomwa bila malipo. Makala kamili zikifungwa, uliza kwenye maktaba ya chuo cha afya kilicho karibu, kwa kuwa vyuo na hospitali nyingi za Afrika Mashariki zina haki ya kuingia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozifungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba. Ukipata makala, usianzie kwenye hitimisho. Anzia kwenye sehemu ya mbinu, kwa sababu huko ndiko mwandishi anakolazimika kusema alimhesabu nani, kwa muda gani na kwa kipimo gani.

Hapo ujiulize kama watafiti waliwatazama watu tu, au waliwagawa kwa bahati nasibu na kuwapa matibabu tofauti. Utafiti uliomtisha mama yangu ulikuwa wa aina ya kwanza. Ulifanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2007. Watu 5,008 wenye umri wa miaka 50 au zaidi walifuatiliwa kwa miaka mitano, na kati yao 137 walikuwa wakitumia kila siku dawa za sonona za kundi la fluoksetini na sertralini. Waliotumia dawa hizo walivunjika mifupa takriban mara mbili ya wengine. Sasa mtu mwenye sonona mara nyingi hula kidogo, hatoki nje, halali vizuri na huanguka kwa urahisi, na yote hayo huweza kuidhoofisha au kuivunja mifupa hata asipomeza kidonge kimoja. Watafiti wale walirekebisha hesabu zao kwa kuzingatia umri, kuanguka, dalili za sonona na mambo mengine kadhaa, nao wanastahili heshima kwa hilo, lakini hesabu haiwezi kurekebisha jambo ambalo halikupimwa. Utafiti wa kutazama unatupa sababu ya kuwa waangalifu. Kuthibitisha kwamba kidonge ndicho kilichovunja mfupa, hauwezi.

Neno «mara mbili» nalo lichunguzwe peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kundi fulani la watu 100 wawili huvunjika mfupa kwa kipindi fulani. Hatari ikiongezeka maradufu watakuwa wanne, na 96 watabaki salama. Mgonjwa anayesikia «mara mbili» huona kama amekwisha kuvunjika. Kila unapokutana na uwiano wa namna hii, tafuta idadi halisi ya watu, na usipoiona popote katika makala, punguza imani yako kwake.

Jambo linalosumbua zaidi katika tafiti za eneo hili, nami nalikazia kwa sababu hata wasomi hulipita, ni kipimo cha sonona chenyewe. Tafiti nyingi hutumia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya na Tanzania. Mgonjwa huulizwa ni mara ngapi katika wiki mbili zilizopita amesumbuliwa na kila jambo, na hujibu kwa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya juu ni 27, na alama 10 kwenda juu huchukuliwa mara nyingi kuwa ishara ya sonona inayohitaji kufuatiliwa. Mtazame sasa mwenye baridi yabisi ambaye viungo vimevimba. Usiku haulaliki kwa maumivu, basi swali la usingizi anapata 3. Ugonjwa wenyewe unachosha mwili, hivyo swali la uchovu ni 3. Dawa zimemkatisha hamu ya chakula, anapata 2. Anatembea polepole hata watu wanaona, anapata 2 nyingine. Amefika 10, na bado hajasema kwamba ana huzuni, kwamba amekata tamaa au kwamba amepoteza furaha ya mambo aliyoyapenda. Mtafiti anayehesabu alama tu atamwandika kuwa ana sonona.

Kwa hiyo unaposoma kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wa viungo wana sonona, tafuta kama waligunduliwa kwa dodoso peke yake au kwa mahojiano na mtaalamu wa afya ya akili, na kama watafiti waliyatenga maswali ya mwili na maswali ya moyo. Kosa la upande wa pili lipo pia, na huenda ndilo linaloumiza zaidi: mgonjwa mwenye sonona ya kweli kuambiwa kwamba uchovu na kukosa usingizi ni baridi yabisi tu. Ukiwa nyumbani, sikiliza maswali mawili ya kwanza ya dodoso, yanayohusu kukosa furaha na kujihisi mwenye huzuni, na lile la mwisho linalohusu mawazo ya kifo au kujidhuru. Likijibiwa ndiyo hilo la mwisho, hata kwa alama 1, usingoje jumla. Mtafutie msaada siku hiyohiyo.

Lugha ni sehemu ya kipimo. Kwetu mtu hasemi ana sonona. Husema ana mawazo, au moyo wake ni mzito. Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na watafiti wa Harare walilichukua kwa uzito wake. Daktari wa akili Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha akina mama wa makamo na mabibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, huku dalili zikipimwa kwa dodoso lililotungwa kwa Kishona. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 uligawa kwa bahati nasibu zahanati 24 zilizokuwa na washiriki 573, na baada ya miezi sita walioketi kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Makala isiyoeleza kipimo chake kilitafsiriwaje wala kilijaribiwa kwa nani ina upungufu, hata ikiwa na takwimu nyingi kiasi gani.

Upande wa viungo vipimo vina mitego yake. Utafiti wa magoti yaliyolika gegedu mara nyingi hutumia dodoso la WOMAC lenye maswali 24: matano ya maumivu, mawili ya ukakamavu na 17 ya shughuli kama kupanda ngazi na kuinuka kitini. Picha ya eksirei na maumivu haviendi sambamba siku zote, kwa hiyo angalia kama matokeo yanayosifiwa ni ya picha au ya mtu anayetembea.

Kisha uliza: walilinganishwa na nani? Maumivu ya viungo na hali ya moyo hupanda na kushuka vyenyewe, na mtu huenda hospitali siku ambazo hali ni mbaya kabisa, kwa hiyo wengi watapata nafuu baada ya hapo wakipewa chochote. Huko Houston, Marekani, Bruce Moseley na wenzake waliwagawa wagonjwa 180 wa goti katika makundi matatu. Makundi mawili yalifanyiwa upasuaji wa kusafisha goti kwa njia mbili tofauti, na wa kundi la tatu walichanjwa ngozi tu, bila kujua, wakafungwa bendeji kama wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: katika miaka miwili ya ufuatiliaji, waliopasuliwa hawakuwa na maumivu machache kuliko waliochanjwa ngozi. Mwaka 2006 ulitoka utafiti mwingine wa Marekani wenye watu 1,583, uliopima glukosamini na kondroitini, virutubisho vinavyouzwa hata katika maduka ya dawa ya miji yetu. Kati ya waliomeza vidonge visivyo na dawa, asilimia 60 walipata nafuu ya angalau moja ya tano ya maumivu yao kwa wiki 24. Waliomeza glukosamini walikuwa asilimia 64, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Shuhuda za «nilitumia nikapona» hutoka kwa watu wanaosema kweli, lakini wangepona wangapi bila dawa hiyo? Kikundi cha kulinganisha ndicho pekee kinachojibu.

Siku hizi zinavuma sana habari za uvimbe wa ndani ya mwili, kwamba kemikali zilezile zinazovimbisha viungo huufikia ubongo na kuleta sonona. Wazo hilo lina msingi, nami nalifuatilia kwa matumaini, lakini lisomwe kwa utulivu. Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, kiliwapa watu 60 wenye sonona sugu ama infliksimabu, dawa ya baridi yabisi inayozuia mojawapo ya kemikali hizo, ama maji yasiyo na dawa. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba kwa jumla makundi mawili hayakutofautiana. Nafuu ilionekana tu kwa wale ambao damu yao ilikuwa na kiwango kikubwa cha ishara za uvimbe huo tangu mwanzo, na hao ni sehemu ndogo ya watu 60. Matokeo ya kikundi kidogo ndani ya utafiti mdogo yawe swali la utafiti unaofuata. Hayatoshi kuwa sababu ya kwenda kuomba sindano.

Kumbuka pia makala ambazo huzioni. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walilinganisha tafiti 74 za dawa 12 za sonona zilizokuwa zimesajiliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani na zile zilizofika kwenye majarida. Kati ya tafiti 38 ambazo mamlaka iliziona kuwa na matokeo mazuri, 37 zilichapishwa. Kati ya 36 zilizobaki, zenye matokeo mabaya au yenye shaka, 22 hazikuchapishwa kabisa, na 11 zilichapishwa kwa namna iliyozifanya zionekane nzuri. Hii haimaanishi kwamba dawa hizo hazifanyi kazi. Inamaanisha kwamba nguvu yake ilitiwa chumvi. Ndiyo maana makala nzuri hutaja namba ya usajili, ambayo unaweza kuitafuta kwenye ClinicalTrials.gov au kwenye daftari la usajili la Afrika lililoko Afrika Kusini, na kuona kama kilichoahidiwa kupimwa mwanzoni ndicho kilichoripotiwa mwishoni.

Ukishazoea kusoma hivi, utatambua pia utafiti unaostahili kushikwa. Kwangu mimi mmojawapo ni ule wa Elizabeth Lin na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, wa wazee 1,001 wa Marekani wenye umri wa miaka 60 au zaidi waliokuwa na ugonjwa wa viungo pamoja na sonona. Waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipata huduma ya kawaida, nusu walifuatiliwa kwa karibu kwa ajili ya sonona, kwa dawa au kwa vikao vifupi vya kutatua matatizo. Baada ya miezi 12 waliofuatiliwa walikuwa na sonona kidogo zaidi, na maumivu ya viungo vyao yalipungua pia, wakaweza kufanya zaidi shughuli zao za kila siku. Ni wazee wa nchi nyingine na mfumo mwingine wa afya, na jambo hilo tusilifiche, lakini vikao vya kutatua matatizo havidai mashine, na Harare wameonyesha kwamba mtu asiye daktari anaweza kufunzwa kuviendesha.

Hatua ya mwisho ni kuupeleka utafiti kliniki. Andika kwenye karatasi moja mwaka, aina ya utafiti, idadi ya watu, umri wao na kilichopimwa, kisha umwombe daktari aseme kama mgonjwa wako anafanana nao. Mpaka siku hiyo, dawa ziendelee kama zilivyoandikwa, kwa sababu dawa za sonona zikikatwa ghafla huweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na kurudi kwa ugonjwa. Sisi tulikwenda na karatasi yetu ya utafiti wa Kanada pamoja na mfuko wa dawa zote za mama. Daktari aliisoma, akamrudishia vidonge vya sonona kwa utaratibu, kisha akatoa kwenye mfuko ule kichupa cha prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa viungo, ambayo mama alikuwa akiimeza kila asubuhi kwa miaka minne. Madhara ya dawa hiyo kwa mifupa yamethibitishwa kwa uhakika mkubwa kuliko yale tuliyoyaogopa, na inaweza kuvuruga hisia pia. Hiyo nayo haikatwi ghafla. Alimpangia kuipunguza kidogo kidogo, akamwandikia kalisi na vitamini D, na akaagiza mifupa yake ipimwe.