Lori la turbo likitoa moshi mweusi: anza na hewa, pampu iwe ya mwisho

Lori la dizeli likipanda kuelekea Kasulu na mzigo huku likitoa moshi mweusi, mafuta yanayoingia hayana hewa ya kutosha kuungua. Wengi hukimbilia skrubu ya pampu ya mafuta. Mara nyingi kosa ni hewa kupungua. Tena kumbuka huku Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni pungufu ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 13. Pampu iliyosetiwa pwani inaweza kutoa moshi huku bila kitu kuharibika, hasa mizunguko ikiwa ya chini.

Hatua ya 1: filta ya hewa. Ipulize kutoka ndani kwenda nje, upepo usizidi bar 2. Ingiza taa ndani. Ukiona kitundu, tupa. Filta ndogo ya ndani haipulizwi, hubadilishwa. Usigonge filta chini: karatasi hupasuka, na vumbi linalopita hula mapanga ya turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), kisha ringi za pistoni.

Hatua ya 2: uvujaji kati ya turbo na injini. Hapa usiwe na haraka. Zima injini, ziba mdomo wa turbo unaovuta hewa kwa kizibo chenye valvu, kikaze kwa klipu, ujaze upepo usiozidi bar 1. Usisimame mbele ya kizibo, kikichomoka kinaumiza. Pakaza maji ya sabuni kwenye hosi zote, viungio na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo). Upepo kushuka taratibu ni kawaida, hupitia valvu zilizo wazi. Unachotafuta ni povu. Pitisha mkono upande wa chini wa hosi, maana mpasuko wa huko hauonekani ukiwa umesimama. Doa la mafuta lililoshika vumbi ni dalili nzuri.

Hatua ya 3: turbo. Shafti kuyumba kidogo pembeni si tatizo. Ikienda mbele na nyuma hadi mkono uhisi, au mapanga yakigusa nyumba yake, ifunguliwe. Angalia pia silensa kama imeziba.

Hatua ya 4: nozeli, zinazopuliza mafuta ndani ya injini, zipimwe kwenye mashine. Inayodondosha badala ya kupuliza ukungu itatoa moshi hata pampu ikiwa sahihi.

Hatua ya 5: pampu. Nyingi zina kiwambo (diaframu) kinachopokea upepo wa turbo kwa kibomba chembamba ndipo kiongeze mafuta. Kikichanika, lori huwa zito lakini halitoi moshi. Fundi akiongeza mafuta kwa skrubu ili kurudisha nguvu, moshi huanzia hapo. Badilisha kiwambo kwanza, kisha rudisha skrubu ilikokuwa. Weka alama ya rangi, geuza moja ya nane ya mzunguko tu, kaza nati, jaribu mlima uleule na mzigo uleule. Kwenye pampu aina ya Bosch VE, kuingiza skrubu huongeza mafuta, kuitoa hupunguza. Pampu za aina nyingine fuata kitabu chake. Ukishapunguza, injini inaweza kutaka kuzimika usipokanyaga mafuta: rekebisha skrubu ya mzunguko wa chini, usirudi kwenye ile ya mafuta.