Upasuaji wa ngiri wa kwenda na kurudi: andaa nyumba kwanza

Mgonjwa wa ngiri akija kupangiwa siku, mimi humuuliza choo cha kwao kikoje. Wazee wengine hunitazama kama nimewavunjia heshima. Lakini nimekuwa nesi wa wodi ya upasuaji huku Tanga miaka mingi, na mtu anayepasuliwa asubuhi akarudi kwake jioni, wodi yake ni chumba chake, na nesi wake ni mkewe au mwanawe aliyeomba ruhusa kazini. Daktari anarudisha utumbo mahali pake, anashonea wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo, kwa saa moja hivi kazi yake imekwisha. Zinazofuata ni zenu, ndiyo maana naanzia nyumbani.

Choo cha kuchuchumaa kinabana kinena, na kuinuka pale bila kitu cha kushika ni mateso. Chukueni kiti cha plastiki, fundi akitoboe katikati, kiwekwe juu ya tundu. Kama mgonjwa hulala kwenye godoro la chini, aazimiwe kitanda. Tafuteni mtu wa kuchota maji, kwa sababu ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na hatakiwi kuigusa mpaka daktari amruhusu, mara nyingi wiki nne hadi sita. Nunueni papai na mboga za majani mapema, maana dawa kali za maumivu na kulala sana hufunga choo, na kujikamua ndiko tusikokutaka kabisa.

Siku ya kliniki njoo na dawa zako zote kwenye mfuko, na zile za kienyeji pia. Hatukugombezi. Mtu wa aspirin au warfarin, dawa zinazozuia damu kuganda, aseme siku hiyohiyo, asisubiri asubuhi ya upasuaji, na asiache mwenyewe kwa sababu jirani kamwambia. Dawa za presha nyingi humezwa asubuhi hiyo kwa funda la maji, ila zipo zinazosimamishwa, kwa hiyo uliza yako kwa jina. Mwenye kisukari apewe maelekezo yake peke yake, kwani kuchoma insulini kama kawaida huku hujala ni hatari. Mvutaji sigara aache mapema awezavyo. Kikohozi cha sigara juu ya mshono mbichi utakijutia.

Kufunga ndiko kunakotuletea ubishi mwingi. Chakula chote kikome angalau saa 6 kabla ya upasuaji, na mara nyingi tunarahisisha kwa kusema usile tena kuanzia usiku wa manane. Maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa 2 kabla ya upasuaji, kama daktari wako wa usingizi hakusema vingine. Sasa, chai ya maziwa si maji. Uji si maji. Kila mara tunapata mzee aliyekunywa "kikombe tu", tunamwahirisha, ananuna. Sababu ni kwamba kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu mtu akiwa usingizini. Hata kama umeambiwa ni ganzi ya mgongo, ile sindano ya kufa ganzi kuanzia kiunoni bila kulazwa usingizi, mpango unaweza kubadilika ukiwa umeshalala juu ya meza.

Usinyoe nyumbani. Najua mnaona aibu, lakini wembe huacha michubuko midogo inayokaribisha wadudu. Nywele zikihitaji kuondolewa tutazikata wenyewe. Oga kwa sabuni usiku na asubuhi, basi. Mama mwenye piko nyeusi au rangi kwenye kucha aache angalau kidole kimoja safi, kwa sababu kile kibano cha kusoma oksijeni hukaa hapo. Kipini, pete na meno ya bandia vibaki kwa msindikizaji. Vaa kikoi au msuli wa kurudi nao. Suruali ya jinzi iache kabatini.

Baada ya ganzi ya mgongo miguu huchukua saa kadhaa kurudi. Usisimame peke yako mara ya kwanza, hata kama unajisikia shujaa. Kabla ya kukuruhusu tunataka utembee, unywe na ukojoe. Mkojo kugoma baada ya upasuaji huu ni jambo la kawaida kwa wanaume, hasa wenye umri, kwa hiyo usitudanganye kwamba umekwenda ili uwahi gari. Rudi kwa teksi au gari la ndugu, bodaboda hapana. Kwa saa 24 usiendeshe chombo, usinywe pombe, usiweke sahihi kwenye karatasi yoyote ya shamba wala mkopo.

Nyumbani, meza dawa kwa saa yake, usingoje mpaka uanze kuuma meno. Paracetamol kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Angalieni vile vidonge vya mchanganyiko wa diclofenac na paracetamol: ukivimeza na paracetamol juu yake, umezidisha dozi bila kujua. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aseme kabla ya kupewa diclofenac. Ukikohoa, bana mto mahali pa mshono. Kuinuka, geukia ubavu kwanza, kisha jisukume kwa mkono. Ukiswali, kaa kwenye kiti. Tembea kidogo kila siku, hata mpaka barazani tu.

Kidonda kibaki kikavu kwa saa 48, au kama ulivyoagizwa. Bibi atakuja na maji ya moto ya kukanda. Mpokee kwa heshima, mpe kiti, lakini asikande. Wala msimwage unga wa kapsuli juu ya mshono, wala majivu, wala asali. Korodani kuvimba kiasi na kuwa na rangi ya zambarau huwatisha sana wanaume. Hutulia siku zinavyokwenda, na chupi ya kubana husaidia. Chini ya kovu utahisi kitu kigumu kama kamba, na ngozi kufa ganzi. Hayo nayo huchukua muda.

Msingoje tarehe ya kliniki mkiona haya: damu inayolowesha bandeji, uvimbe unaokua na kukaza, usaha, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutapika huku tumbo limejaa, mkojo kuziba, kigimbi kuvimba na kuuma upande mmoja, au pumzi kubana. Kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala kinaweza kutokana na ile sindano ya mgongo. Rudini pia, kina tiba yake.

Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, nyingine hutolewa baada ya siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo uliza zako ni zipi kabla hujatoka wodini. Na siku ya kurudi njoo na ile karatasi ya ruhusa. Bila hiyo tunaanza kulitafuta faili, nawe unajua foleni yetu.